Mawaridi ya Jumatatu ya Pasaka

Barua ilifika Caunton baridi ikiwa inaelekea ukingoni na Pasaka ikiwa karibu. Aliyeiandika alikuwa fundi wa mjini Nottingham, mtu ambaye mpokeaji hakumjua. Ombi lake lilikuwa fupi: yeye na wenzake, watu wa kazi za mikono, wangefanya maonyesho ya mawaridi Jumatatu ya Pasaka, na walimwomba kasisi Samuel Reynolds Hole aje awe jaji.

Kasisi aliisoma, kisha akaitupa kando. Huko Uingereza waridi la bustanini huchanua Juni. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili, wakati miti ya mawaridi imetoka tu kupogolewa na theluji bado haijaaga. Hole mwenyewe alikuwa na maelfu ya miti hiyo, alikuwa na ardhi na watu wa kumsaidia, na siku ile hakuwa na waridi hata moja lililochanua. Sasa mafundi wa mjini wangeyatoa wapi? Siku ya Wajinga nayo ilikuwa jirani. Akahisi kuna mtu anamchezea.

Hata hivyo hakuacha jambo likapita hivyo. Aliandika kuuliza ni mawaridi gani hayo yanayochanua kwenye baridi, na jibu lililorudi lilimtosha kumfanya aende. Siku ilipofika, kukiwa na upepo mkali na vichembe vya theluji hewani, akapanda treni kuelekea Nottingham. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara husimama hapo, kwenye uamuzi wa kupanda treni. Mtu mwenye cheo, aliyezoea kualikwa na wenye majumba makubwa, alikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani karibu na moto. Angebaki, historia ya maonyesho ya maua ingekosa ukurasa wake ninaoupenda kuliko zote.

Hole alizaliwa tarehe 5 Desemba 1819 huko Ardwick, karibu na Manchester, ambako baba yake alikuwa katika biashara ya pamba. Familia ilikuwa na ardhi Caunton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire kinachopitiwa na kijito, na huko ndiko kijana alikokulia. Alisoma Chuo cha Brasenose, Oxford, akapewa daraja la ushemasi mwaka 1844, akarudi kijijini kwao kuwa msaidizi wa kasisi. Mwaka 1850 akawa kasisi kamili wa mtaa huo huo. Jumla alihudumu pale miaka 43. Alikuwa mrefu kupita futi sita, mpanda farasi, mcheshi, mzungumzaji aliyeweza kushika umati wa wafanyakazi wa reli kama alivyoweza kushika meza ya maaskofu. Rafiki yake mkubwa alikuwa John Leech, mchoraji wa vibonzo wa jarida la Punch, na mwaka 1858 walisafiri pamoja Ireland. Kitabu cha safari hiyo, Hole akiandika na Leech akichora, kilitoka mwaka uliofuata.

Mapenzi ya mawaridi hakuzaliwa nayo. Alisimulia mwenyewe kwamba jioni moja ya kiangazi, akiwa amepumzika bustanini na sigara yake, jicho lake lilitua juu ya waridi jekundu liitwalo D'Aguesseau, aina ya kizamani ya Ufaransa yenye petali zilizosongamana. Alikuwa amepita mbele ya ua hilo siku nyingi bila kulijali. Jioni ile akaliona. Akaingia ndani, akaagiza miti kumi na miwili. Kumi na miwili ikawa ishirini, ishirini ikawa mia, mia ikawa elfu, na elfu ikafika elfu tano. Mawaridi yakaingia kwenye bustani ya mboga, yakafukuza mimea mingine, na baba yake akawa anatazama tu vitalu vyake vikimezwa kimoja baada ya kingine.

Kuna kazi kubwa ndani ya hesabu hiyo. Waridi la maonyesho la enzi ile halikupandwa kwa tawi lake lenyewe. Mkulima alichukua shina la waridi mwitu linaloota vichakani, akalipanda, kisha kiangazi akalibebesha jicho la waridi analolitaka, kwa kisu kikali na uzi, kama wakulima wetu wanavyobebesha maembe na machungwa. Kisha samadi ya zizini, kwa wingi usio na haya. Kisha kupogoa, kuua wadudu kwa vidole, kupunguza matumba ili nguvu ya tawi iende kwenye ua moja. Hole aliyafanya haya na kuyaandika kwa furaha ya mtu anayeeleza mapishi ya mama yake. Msimu mmoja alipeleka mikusanyiko 16 kwenye mashindano akarudi na zawadi 14 za kwanza.

Hapo ndipo alipoona pengo. Wakati huo waridi, linaloitwa malkia wa maua, halikuwa na maonyesho yake makubwa.

Inafaa kueleza kwa nini. Tangu karne ya 18 mafundi wa Uingereza walikuwa na vyama vya maua vilivyokutana katika vilabu vya pombe. Wafumaji, washona viatu, wachimba migodi na wahunzi walikuza maua machache yaliyochaguliwa: tulipu, mikarafuu ya bustani, aurikula, hayasinti na mengine ya jamaa hizo, yote kwa jumla manane. Kila moja lilikuwa na kanuni zake zilizoandikwa. Kwa mkarafuu, ukingo wa petali uwe laini usio na meno. Kwa tulipu, ua likifunguka liwe nusu duara kamili, kama kikombe kilichofinyangwa. Zawadi ya kawaida ilikuwa birika la shaba, lililotundikwa mbele ya kilabu wiki kadhaa kabla ili kila apitaye alione na kulitamani. Wafumaji wa Paisley huko Uskoti walipata sifa kwa maua yao madogo yenye michirizi kama kitambaa, na watu walisema jicho la mfumaji halipumziki, likitoka kwenye uzi linaingia kwenye petali. Waridi halikuwa miongoni mwa yale manane. Lilihesabiwa kuwa mti wa bustani ya mwenye nyumba, si ua la mashindano.

Hole akaandika katika jarida la wakulima wa maua akitaka waridi lipewe siku yake. Kimya. Basi akawaandikia moja kwa moja wenye vitalu wakubwa watatu: Thomas Rivers wa Sawbridgeworth, William Paul wa Cheshunt na Charles Turner wa Slough. Hawa walikuwa wafanyabiashara washindani, kila mmoja na orodha yake ya bei na wateja wake, na kuwakalisha pamoja hakukuwa jambo dogo. Walikubali. Fedha zikachangwa, vikombe vya fedha vikanunuliwa, na tarehe 1 Julai 1858 Maonyesho ya Kitaifa ya Mawaridi yakafunguliwa katika ukumbi wa St James's Hall, London, jengo lililokuwa na miezi michache tu tangu kuanza kutumika. Wakulima walikuwa wamekata maua alfajiri, wakayapanga katika masanduku yenye mirija ya maji iliyofunikwa kuvumwani mbichi, wakasafiri nayo kwa treni wakiomba jua lisiwe kali. Ukumbi ulijaa watu na harufu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1860, maonyesho hayo yalikuwa yamehamia Crystal Palace, jumba kubwa la vioo la kusini mwa London, kwa sababu watu walikuwa wengi mno.

Kwa hiyo, jaji aliyealikwa na mafundi wa Nottingham alikuwa ndiye mtu aliyelitafutia waridi kiti chake. Walijua wanamwita nani. Yeye ndiye hakujua wanaomwita ni akina nani.

Nottingham ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji wa lesi na soksi. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee, mtu wa Calverton, kijiji kilicho karibu na hapo, mwaka 1589, na karne ya 19 ilipoanza mafundi wa huko waliibadilisha na kuiendeleza mpaka ikaweza kufuma lesi nyembamba kama buibui alivyofuma. Watu wakamiminika mjini kutafuta kazi. Lakini mji ulikuwa umezungukwa pande zote na mashamba ya jumuiya ambayo wenyeji wenye haki ya malisho hawakutaka yajengwe. Mji haukuweza kutanuka, ukajibana. Nyumba ziligeuziana migongo, zikashirikiana ukuta, madirisha upande mmoja tu, choo kimoja kwa familia nyingi. Wakaguzi wa serikali waliofika miaka ya 1840 waliandika kwamba hawajaona msongamano mbaya kama ule. Mwaka 1845 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuyagawa mashamba yale na mji ukapata nafasi ya kupumua.

Ndani ya dhiki hiyo kulikuwa na jambo jingine. Kwenye miteremko ya nje ya mji, hasa upande wa St Ann's na kilima kiitwacho Hungerhill, kulikuwa na bustani ndogondogo za kupanga, kila moja na wigo wake wa miti na mlango wenye kufuli. Mwandishi William Howitt, aliyekaa Nottingham miaka ya 1830, alikadiria kwamba mji ule ulikuwa na bustani zaidi ya 5,000 za aina hiyo, nyingi mikononi mwa wafanyakazi. Mtu aliishi kwenye chumba kisichoona jua, na kilomita moja au mbili kutoka hapo alikuwa na kipande cha ardhi chenye kibanda, miti ya matunda na vitalu vya maua. Lugha yetu hulitaja kwa neno moja ua linalochanua na ua unaozunguka nyumba, na ninapozifikiria bustani za Hungerhill naona maana zote mbili zimekutana: wigo ndio uliomfanya mfanyakazi awe mwenye mahali, na ndani ya wigo ndipo alipoweza kukuza kitu ambacho hakikuhitajiwa na tajiri yake wala na mashine yake.

Mwaka ule ule wa 1845 serikali ilifuta kodi ya vioo. Kwa karibu miaka mia kioo kilikuwa kimetozwa kodi nzito, na nyumba ya vioo ya kulindia mimea ilikuwa anasa ya mabwana. Kodi ilipoondoka bei ikashuka, na fundi aliyejua kushika msumeno na nyundo akaweza kujijengea kibanda cha vioo cha mita chache kwa mbao za kuokota na vioo vya bei nafuu. Waandishi wengi wanaosimulia habari za mafundi wa Nottingham hawaigusi kodi hii. Mimi naona bila hiyo hakuna mawaridi ya Pasaka. Juhudi ya mtu ni kitu kikubwa, lakini hata mwenye juhudi huhitaji kioo.

Hole alikuwa ameviona vibanda vile kwenye vilima zaidi ya mara moja alipopita Nottingham. Alikiri kwamba haikumjia kabisa akilini kuwa ndani yake kuna mawaridi.

Mkutano ulikuwa kwenye kilabu kiitwacho General Cathcart, kwa jina la jenerali aliyeuawa katika vita vya Krimea mwaka 1854. Mwenye kilabu alimpokea akamwambia maua yapo tayari, apande ghorofani. Akapanda ngazi. Mlango ukafunguliwa.

Humo chumbani, siku ya mawingu na baridi, mawaridi yalikuwa yamesimama safu kwa safu: meupe, ya manjano, ya waridi hafifu, mekundu. Hayakuwa kwenye vikombe vya fedha wala masanduku ya rangi ya kijani. Yalikuwa kwenye chupa za bia ya tangawizi. Na yalikuwa mazuri, si kwa kipimo cha huruma, bali kwa kipimo kile kile alichokitumia London. Mtu huyu aliyekuwa ameona karibu kila waridi lililostahili kuonwa nchini mwake aliandika baadaye kwamba hakuwahi kuona maua ya aina zile yaliyozidi hayo.

Mengi yalikuwa mawaridi ya chai. Hizi ni jamii zilizoletwa Ulaya kutoka China mwanzoni mwa karne ya 19, zikaitwa hivyo kwa harufu yake inayokumbusha majani ya chai. Zina petali laini, shingo nyembamba inayoinamisha ua, rangi ambazo mawaridi ya Ulaya hayakuwa nazo, na zaidi ya yote zina tabia ya kuchanua tena na tena badala ya mara moja kwa mwaka. Udhaifu wake ni mmoja: jalidi. Usiku mmoja wa jalidi kali unaweza kuua mti mzima. Ndiyo maana zililelewa chini ya kioo, na ndiyo maana mtu maskini kuzikuza kaskazini ya London lilikuwa jambo la kustaajabisha. Damu yake ipo mpaka leo katika mawaridi ya kisasa. Tangu La France la mwaka 1867, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la uzao mpya, mpaka yale yanayokatwa kila alfajiri kando ya Ziwa Naivasha na kupelekwa kwa ndege Ulaya, mchanganyiko ni huo: nguvu ya mawaridi ya Ulaya na wepesi wa kuchanua wa yale ya China. Wafanyakazi wa Naivasha wanaopanga maua kwa urefu wa shina na ukubwa wa tumba wanafanya kwa mkono kazi ambayo Hole aliifanya siku ile, tofauti ni kwamba wao hufanya kwa maelfu kabla ya saa sita mchana.

Basi akaanza kuhukumu. Kazi ya jaji wa maua ina utaratibu wake, na unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio uti wa mgongo wa habari hii. Wenye maua hutoka nje. Majina hufichwa, kadi zikageuzwa au kutiwa namba. Jaji hupita mara ya kwanza bila kuandika kitu, kulizoesha jicho. Mara ya pili huanza kuondoa: hili limefunguka kupita kiasi, kesho litamwaga petali, hili bado ni tumba, linaahidi lakini halijatimiza, hili lina doa, hili lina ukubwa bila umbo. Yanayobaki huyatazama kwa makini: petali ziwe nene, zimepangana kuzunguka kitovu, rangi iwe hai, ua liwe katika saa yake bora. Waridi lina saa hiyo, na halina nyingine. Ukifika mapema unaona ahadi, ukichelewa unaona kumbukumbu.

Kuna majaribu mawili ambayo jaji lazima ayashinde. La kwanza ni kutazama wingi au ukubwa na kusahau uzuri. La pili ni kumtafuta mtu nyuma ya ua. Jaji mwenye marafiki huanza kujiuliza hili litakuwa la nani. Jaji mwenye huruma huanza kusema maskini hawa wamejitahidi, nisiwe mkali. Hole aliichukia aina ya pili ya upole, nami nakubaliana naye kabisa. Kumpunguzia fundi kipimo ni kumwambia kwamba hukutarajia afike. Alichowapa watu wa General Cathcart kilikuwa macho yale yale aliyowapa wenye vitalu wakubwa wa Slough na Cheshunt, na hakuna heshima kubwa zaidi ambayo angeweza kuwapa.

Zawadi zilipokwisha kutolewa, hakukimbilia treni. Aliomba apelekwe bustanini. Wakampandisha kilimani, mwenye bustani mmoja akimkabidhi kwa mwingine, na kila mlango ulipofunguliwa akaona kibanda kidogo kiasi kwamba mtu mrefu kama yeye alilazimika kuinama na kusogea kwa uangalifu asivunje kitu. Humo aliona miti ya waridi kwenye vyungu, imesongamana, majani safi bila mdudu. Aliona Maréchal Niel, waridi la manjano lililotoka Ufaransa mwaka 1864, ambalo kila mwenye kibanda cha vioo wakati huo alilitamani.

Akamuuliza mmoja wao anapata wapi fedha za kununua aina mpya na za bei kali kama hizo. Yule fundi akamjibu kwamba hununua kwa fedha ambazo hakuziacha kwenye vilabu vya pombe. Hole alilipenda jibu hilo na akalieneza. Wahubiri wa kupinga ulevi walilipokea kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa la kweli, sina shaka, lakini nafikiri lilimpa kasisi somo rahisi mno. Lilimfanya msomaji aamini kwamba kati ya mfanyakazi na waridi hakukuwa na kizuizi kingine ila glasi ya bia. Ujira mdogo, kodi ya pango, nyumba zilizogeuziana migongo, yote yakafichwa nyuma ya jibu moja zuri.

Jambo lililoniingia mimi moyoni ni jingine, na Hole naye alilisimulia. Usiku wa jalidi kali, mafundi wale walichukua mablanketi yaliyokuwa kitandani, wakapanda nayo kilimani gizani, wakafunika vibanda vya mawaridi. Wakashuka, wakalala bila blanketi. Wake zao walijua. Walilalamika kidogo, nao wakavumilia, na bila shaka watoto walisogeleana zaidi usiku huo. Ukitaka kupima mtu anapenda kitu kiasi gani, mtazame saa anapokosa cha kuwatosha wote.

Kitabu cha Hole kuhusu mawaridi kilitoka mwaka 1869 na habari ya Nottingham imo katika sura zake za mwanzo. Aliiweka mapema kwa makusudi. Kabla hajamwambia msomaji lolote kuhusu udongo, samadi au kisu cha kubebeshea, alimwonyesha chumba kile cha ghorofani, ili asije mwenye shamba kubwa na watumishi kumi akadai kwamba hakupata mawaridi kwa kukosa nafasi. Kitabu kilichapishwa tena na tena kwa muda wote wa uhai wake. Kimeandikwa kwa utani mwingi, wakati mwingine kupita kiasi kwa msomaji wa leo, lakini penye kazi ya mikono kiko sawa, na wakulima walikitumia kama watu wanavyotumia kitabu cha mapishi, kikiwa na madoa ya udongo.

Mwaka 1876 kasisi mwenzake, Henry Honywood D'Ombrain, aliitisha mkutano London wa wapenda mawaridi. Maonyesho ya kitaifa yaliyoanzishwa mwaka 1858 yalikuwa yamepita mikononi mwa wengine na yalikuwa yamepoteza nguvu. Mkutano ukaunda Chama cha Kitaifa cha Waridi, Hole akachaguliwa rais wake, na alishika nafasi hiyo mpaka alipofariki. Chama ndicho kilichofanya kazi isiyo na shangwe: kuandika kanuni za mashindano, kusawazisha ukubwa wa masanduku, kutenganisha madaraja ili mkulima mdogo asipambanishwe na mwenye kitalu cha biashara, kuandaa majaji. Katika habari hizi kila mtu hukumbuka vikombe na muziki. Mkulima mwenye miti ishirini nyuma ya nyumba alihitaji zaidi ile kanuni ya madaraja, kwa maana ndiyo iliyompa nafasi ya kushinda.

Mwaka 1887 alihamishwa kutoka Caunton na kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Rochester, mkoa wa Kent. Alikuwa na miaka 67. Kuiacha bustani ya miaka arobaini na zaidi kulimuuma. Huko Rochester akaanza upya, bustani ndogo zaidi, aina zaidi ya mia moja. Kanisa lilihitaji matengenezo, na mwaka 1894, akiwa ametimiza miaka 74, akavuka bahari kwenda Marekani kutoa mihadhara ya kuchangisha fedha. Mwaka 1897 Chama cha Kifalme cha Bustani kilianzisha nishani kwa kumbukumbu ya miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, ikatolewa kwa watu 60 tu. Hole alikuwa mmoja wao. Kati ya hao 60, wanawake walikuwa wawili, Gertrude Jekyll na Ellen Willmott. Wake wa Nottingham walioazima mablanketi yao hawakuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Alifariki Rochester tarehe 27 Agosti 1904, akazikwa Caunton. Ndani ya kanisa kuu kuna sanamu yake ya marumaru, amelala katika mavazi yake ya ukasisi. Mwaka huo huo Alexander Dickson wa Ireland alitoa waridi jipya lenye umbo refu na rangi ya waridi, akaliita Dean Hole. Chama cha waridi nacho kilianzisha nishani kwa jina lake, kikaendelea kuitoa kwa vizazi. Chenyewe kilifungwa mwaka 2017, madeni yakiwa yamekizidi.

Bustani za kilimani hazikufungwa. Karne ya 20 iliziachia majeraha: nyingine zilimezwa na barabara na nyumba, nyingine ziliota vichaka. Lakini ekari 75 hivi za St Ann's zipo bado, na serikali imeziweka katika orodha ya bustani za kihistoria zinazolindwa, daraja la pili kutoka juu. Ukipita kwenye vichochoro vyake unatembea kati ya nyua ndefu za miti, na hapa na pale, ndani ya vipande, kuna vibanda vya matofali vya enzi zile, baadhi vikiwa na mahali pa kuwashia moto. Wanaolima leo wametoka pande nyingi za dunia. Kuna wanaokuza mahindi na maboga ya kwao kando ya miti ya tufaha iliyopandwa na wazee wasiowajua.

Na kaskazini kidogo, Wakefield, kuna chama cha tulipu kilichoanzishwa mwaka 1836, cha mwisho cha aina yake. Kila Mei wanachama wake huleta maua yao yenye michirizi, yale yale yaliyokuzwa na washona viatu na wachimba migodi, wakayapanga mezani. Majaji huingia, wenye maua wakatoka. Kila tulipu husimama peke yake, likiwa ndani ya chupa ya bia ya kahawia.